Kuondoa kasoro kwenye rangi ya gari uliyopuliza nyumbani: msasa, kompaundi na polishi

Bodi iliyopulizwa uani au kwenye gereji ya nyumbani haimalizi kupulizwa ikiwa kioo. Vumbi litatua, klia, yaani koti angavu ya juu kabisa isiyo na rangi, itajikunja kama ganda la chungwa, na mahali fulani, mara nyingi chini ya kitasa cha mlango au kwenye kona ya bampa, patakuwa na mchirizi uliotiririka. Karibu yote hayo yanaondoka. Kinachoyaondoa ni msasa. Kompaundi na polishi, dawa zenye chembe laini za kusugua, huja nyuma yake kufuta mikwaruzo ambayo msasa umeacha, basi. Anayekwepa msasa na kukandamiza mashine ya polishi juu ya ganda la chungwa hupata ganda la chungwa linalometameta, pamoja na kingo zilizoungua.

Akiba yako ni mikroni chache

Kila hatua ya kazi hii inakula klia, na klia ni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani. Koti mbili kamili za klia ya 2K, yaani ile inayochanganywa na hadina (dawa ya kuikaza), zikikauka huacha unene wa mikroni 50 hadi 60 hivi. Unywele mmoja wa kichwani unakaribia mikroni 70. Kusawazisha ganda la chungwa la wastani na kumalizia na polishi kunaweza kuondoa mikroni 10 hadi 20. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua kila kitu: msasa upi uanze nao, usugue mara ngapi, na kasoro ipi uiache ilivyo. Klia iliyokonda sana hupauka na kubanduka juani mapema, hata kama siku ya polishi iling'aa vizuri.

Kama bado hujapuliza na unajua utapiga msasa baadaye, ongeza koti moja ya klia. Kwa sprei ya kopo ongeza mbili, kwa sababu kila koti yake ni nyembamba zaidi.

Kipimo cha unene wa rangi kinasaidia sana, ila kielewe kinachopima. Kwenye bati kinaonyesha jumla ya kila kilichopo juu ya chuma: praima (koti ya msingi), rangi na klia kwa pamoja. Hakiwezi kukuambia klia peke yake ni kiasi gani. Kwa hiyo pima sehemu tatu au nne kabla ya kuanza, andika, kisha pima palepale ukiwa kazini. Tofauti ya namba ndiyo klia uliyoila. Kwenye bampa la plastiki vipimo vya kawaida havifanyi kazi, na hapo utategemea macho na mkono mwepesi.

Rangi yako ni ya aina gani?

Chukua kitambaa cheupe, weka tone la kompaundi, sugua mahali pasipoonekana. Kitambaa kikibaki bila rangi, juu kuna klia. Kikichukua rangi ya gari, hiyo ni rangi ya koti moja isiyo na klia, na utaendelea kuona rangi kwenye maji na kwenye pedi mpaka mwisho. Si dalili ya hatari.

Rangi ya metaliki isiyo na klia usiipige msasa. Chembe zake za alumini zimelala kwa mpangilio fulani, na msasa ukizigusa unazikata na kuzigeuza, uso unabaki na mawingu ambayo polishi haiyafuti.

Yanayoondoka na yasiyoondoka

Vipele vya vumbi, ganda la chungwa, michirizi ya klia, ukavu wa klia iliyopulizwa kwa mbali mno, na mng'ao uliofifia: hayo ni ya msasa.

Macho ya samaki, vile vishimo vya duara vinavyotokana na silikoni au mafuta yaliyobaki kwenye bodi, mara nyingi hushuka hadi kwenye rangi ya chini. Ukisawazisha uso mpaka usawa wa kishimo, klia imeisha. Vitundu vidogo kama vya sindano, vilivyotobolewa na thina iliyonaswa chini ya klia nzito, ni vibaya zaidi: vimesambaa ndani ya unene wote, na kila ukishuka unafungua vingine. Mawingu kwenye rangi ya metaliki, mistari ya msasa mkali iliyo kwenye praima, na rangi iliyojikunja kama ngozi ya mzee, yote yako chini ya klia. Hapo dawa ni kusawazisha na kupuliza upya. Ni heri kulijua hilo kabla hujatumia siku mbili kusugua.

Subiri ikauke kweli

Klia ya 2K kwenye joto la nyuzi 20 inataka angalau saa 24. Baridi ikizidi, subiri zaidi. Muda mzuri ni kati ya siku ya kwanza na ya tatu: imeshika vya kutosha kupigwa msasa, lakini haijawa ngumu kiasi cha kuchosha mkono na kompaundi. Baada ya wiki mbili bado inawezekana, ila utatoa jasho.

Sprei ya kopo isiyo na hadina ni jambo jingine. Hukauka kwa thina kutoka tu, na thina hiyo hutoka polepole. Ipe wiki moja kwa uchache, na mbili kama ulipiga koti nyingi. Bonyeza ukucha mahali palipojificha: ukiacha alama, ngoja. Alama nyingine ya kuaminika ni msasa wenyewe. Ukiona unajaa vijidonge vidogo badala ya tope laini, rangi haijakauka. Acha siku hiyohiyo.

Ukiharakisha, gari litang'aa siku unayomaliza, kisha baada ya wiki tatu mng'ao utazama na mistari ya msasa itajitokeza. Thina iliyobaki imetoka, klia imenywea, na uso ulioutengeneza haupo tena.

Vifaa

Karatasi za msasa wa maji: P1200, P1500, P2000 na P3000, karatasi mbili au tatu za kila namba kwa boneti moja. Namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi. Angalia herufi P mbele ya namba. Karatasi isiyo na P hufuata kipimo kingine, na 600 yake inakaribia P1200. Ukichanganya vipimo viwili utarudi nyuma bila kujua. P3000 mara nyingi huuzwa ikiwa na mgongo wa sponji, na hiyo ni bora.

Kibao cha mpira mgumu kiasi kwa sehemu bapa, kibao cha sponji kwa sehemu zenye mviringo, na kipande kidogo cha mbao ngumu chenye ukubwa wa kifutio kwa michirizi. Ndoo mbili. Sabuni ya maji ya vyombo. Raba ya kufutia vioo, ambayo utaitumia kuliko unavyodhani. Utepe wa karatasi wa mafundi rangi. Vitambaa vya maikrofaiba visivyopungua sita. Tochi yenye mwanga mkali.

Kwa polishi: mashine, pedi ya sufu au sponji ngumu, pedi ya sponji laini, kompaundi ya kukata, na polishi ya kumalizia. Chagua zisizo na silikoni wala nta, kwa sababu ukilazimika kupuliza tena sehemu fulani, silikoni ndiyo itakayokuletea macho ya samaki.

Vaa gluvu. Vumbi la klia ya 2K si la kuvuta: kuna masalia ya hadina yanayoweza kuathiri mapafu. Msasa wa maji hutuliza vumbi karibu lote, na ukilazimika kusugua pakavu vaa barakoa ya kuzuia chembe ya daraja la FFP2 au zaidi.

Maandalizi

Loweka karatasi dakika 15 au zaidi kwenye maji yenye matone mawili matatu ya sabuni. Karatasi iliyolainika haikati kwa pembe zake. Osha gari zima, siyo sehemu ya kazi peke yake, maana chembe moja ya mchanga ikidondoka kutoka juu ya paa inatosha kuchora mistari ambayo P3000 haiwezi kuifuta.

Kisha bandika utepe kwenye kila ukingo, kila mkunjo wa bodi, na mpaka wa kila paneli. Klia huzikimbia kingo wakati ikiwa mbichi, hivyo hapo ndipo ilipo nyembamba kuliko kote, na ndipo msasa unapokandamiza kuliko kote. Rangi nyingi zinazotobolewa na wanaoanza hutobolewa kwenye kingo. Acha kama milimita 5 bila kuguswa. Mwishoni ukiondoa utepe utapasugua kwa mkono kwa P3000 mara mbili tatu, na hakuna atakayeona tofauti.

Anza na michirizi

Usipige msasa paneli nzima kabla ya kuondoa mchirizi. Kibao kikubwa kitapanda juu ya mgongo wake na kula klia ya pande zote mbili huku mchirizi umebaki.

Mchirizi ni mnene, kwa hiyo ndani yake hukauka mwisho. Uso mwingine ukiwa tayari, mchirizi bado unaweza kuwa laini kama nta. Uongezee siku mbili au tatu. Ukiukata mapema unararuka na kuacha shimo.

Bandika utepe pande zote mbili, karibu kabisa na mgongo, tabaka mbili. Chukua wembe mpya, bandika kipande cha utepe kwenye kila ncha ya makali yake ili katikati tu ndiko kubaki wazi. Ushike wima, uuinamishe kidogo kuelekea unakovuta, na uparue polepole. Unatakiwa kuona unga au nyuzi nyembamba nyeupe. Ukiona wembe unang'ata, umeulaza mno. Endelea mpaka mgongo ukaribiane na unene wa utepe, kisha toa utepe.

Sasa kile kipande cha mbao, kikiwa na P1200. Sugua kwa miendo mifupi, bila kukandamiza, maji mengi. Futa kwa raba kila baada ya miendo kumi na utazame kwa karibu. Mwanzoni utaona mstari mmoja uliofifia juu ya mgongo, na kila upande wake ukanda unaong'aa. Kanda hizo ni klia ambayo mbao haijaifikia. Mgongo unaposhuka, mstari uliofifia unapanuka na kanda zinakonda. Ukifanya mara ya kwanza ni rahisi kusubiri mgongo "upotee". Usiutazame mgongo, tazama kanda. Zikikaribia kufa na kuwa uzi mwembamba, acha P1200 hapohapo, malizia na P1500. Dakika moja zaidi baada ya hapo ni klia inayopotea bure.

Kama mchirizi uko kwenye rangi yenyewe chini ya klia, kwa metaliki utaonekana kama mstari mweusi zaidi. Huo hauondoki kwa njia hii.

Vipele vya vumbi

Paneli ikiwa nzuri na ina vipele vinne tu, usiisugue yote. Kata duara dogo la P2000, libandike kwenye kibao kidogo, zungusha juu ya kila kipele mara chache hadi ukucha usikikute. P3000 kidogo, kisha kompaundi kwa mkono au pedi ndogo. Kazi imeisha na klia yako imebaki.

Ganda la chungwa

1. Lowesha paneli. Anza na P1500 juu ya kibao. P1200 ni ya ganda zito tu. Mikwaruzo yake ni ya kina zaidi na italazimu kuondoa klia zaidi kuifuta. Jaribu P1500 kwenye sehemu ya kiganja kwanza, na ikisogeza kazi ndani ya dakika mbili hutahitaji kitu kikali zaidi.

2. Sugua kwa mistari iliyonyooka, upande mmoja, eneo la sentimita 40 kwa 40. Uzito wa kibao na mkono unatosha. Usitumie vidole bila kibao: kila kidole kinachimba mfereji wake, na mifereji hiyo huonekana baada ya polishi, taa zikimulika kwa ubavu.

3. Chovya karatasi kwenye ndoo ya suuza kila nusu dakika. Ndoo ya pili ni ya maji safi ya kumwagia. Ukisikia mkwaruzo wa ghafla, simama palepale: kuna chembe chini ya karatasi.

4. Vuta maji kwa raba na utazame. Uso uliofikiwa umefifia, na mabonde ya ganda yanabaki yaking'aa kama punje za chumvi zilizomwagwa. Punje zikipungua kutoka mamia hadi chache zilizotawanyika, umefika. Kuzifukuza punje za mwisho ndiko kunakotoboa rangi. P2000 itachukua nyingi kati ya zilizobaki, na bonde moja moja halionekani kwenye gari linalotembea barabarani, wala lililosimama.

5. Tazama tope. Klia hutoa tope jeupe kama maziwa. Likianza kuwa na rangi ya gari, kwenye gari lenye klia, umetoboa. Acha. Paneli hiyo itahitaji rangi kidogo mahali hapo na klia upya paneli nzima.

6. Osha kila kitu, pamoja na kibao, badilisha maji, kisha P2000 kwa kukatisha mistari ya P1500. Kubadili mwelekeo si mapambo: mstari wowote wa mwelekeo wa zamani unaouona ni wa P1500 na bado haujafutwa. Usiende mbele mpaka yote imelala upande mmoja.

7. P3000, tena kwa kukatisha. Uso sasa unakuwa kama yai lililochemshwa na kumenywa, na unaanza kuakisi mwanga. Kila dakika utakayotumia hapa inapunguza tatu za kompaundi, na P3000 haili klia kama kompaundi iliyokandamizwa inavyokula.

Polishi

Toa utepe, osha, kausha, bandika utepe mpya kwenye kingo na raba za vioo. Mashine ya kuzunguka mduara mmoja inakata haraka na inachoma haraka. Ile inayozunguka huku inatikisika ni polepole na salama. Kwa anayefanya mara ya kwanza, ya pili ndiyo tunayopendekeza, hata kama itaongeza saa mbili.

Weka matone manne ya kompaundi, kila moja kama punje ya njegere, kwenye eneo la nusu mita kwa nusu mita. Yasambaze mashine ikiwa imezimwa au kwa kasi ya chini kabisa. Kwa mashine ya mduara fanya kazi kati ya duru 1,000 na 1,500 kwa dakika. Sogeza polepole, kila mwendo ukipanda nusu ya uliotangulia, mara nne hadi sita, ukipunguza uzito mwishoni. Usiache pedi isimame mahali pamoja. Gusa kwa mgongo wa mkono: ikiwa huwezi kuuacha hapo, pumzisha paneli. Plastiki haisambazi joto kama bati, hivyo kwenye bampa shusha kasi. Sprei isiyo na hadina hulainika kwa joto, na hiyo ni afadhali uisugue kwa mkono.

Karibu na ukingo, pedi itoke nje ya paneli ikizunguka, kamwe isiingie kutoka nje. Waya wa umeme upitishe begani. Safisha pedi kwa brashi baada ya kila eneo. Pedi iliyojaa masalia hukausha kompaundi, huzidisha joto na huacha michirizi ya kijivu.

Futa, kisha hakiki kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Mafuta ya kompaundi hujaza mikwaruzo na kuificha, na alkoholi huyaondoa. Kwenye sprei isiyo na hadina tumia maji ya sabuni badala yake, kwa kuwa alkoholi yaweza kuilainisha. Mulika tochi kwa ubavu.

Mistari iliyonyooka ikibaki, ni ya P1500 au P2000. Usiikandamize na kompaundi. Rudi na P3000 hapo tu, kisha kompaundi tena. Mikwaruzo iliyojiviringa kama mkia wa nguruwe ni ya chembe ya uchafu. Mawimbi ya mwanga yanayozunguka jua linapopiga ni ya pedi ya sufu, na hayo yanatoka kwa polishi ya kumalizia, pedi laini na mashine inayotikisika. Ukungu unaorudi baada ya wiki mbili ni klia iliyoendelea kunywea: ngoja itulie, halafu polishi ya kumalizia itatosha.

Toa utepe kwa kuurudisha juu yake wenyewe, polepole. Masalia ya kompaundi kwenye mianya yatoe siku hiyohiyo kwa brashi laini na maji ya sabuni, kwa sababu yakikauka hugeuka kama plasta. Nta na vifunika rangi visubiri siku 30 hadi 60, au kama maelekezo ya klia yako yanavyosema, ili thina iliyobaki ipate njia ya kutoka.